Gari la Kazi Afrika Mashariki: Kutoka Boksibodi hadi Kirikuu

Gari la kazi hununuliwa kwa ajili ya mzigo na njia mbaya; starehe ya dereva hufikiriwa baadaye. Afrika Mashariki gari hilo limepitia sura nyingi: boksibodi, Land Rover, pikapu ya Peugeot, Land Cruiser na kirikuu. Karibu kila sura ilishika soko wakati bei, kodi, mafuta au thamani ya shilingi vilipobadilika. Katika mabadiliko yote hayo mnunuzi wa bara hakutazama bei ya dukani peke yake. Aliuliza pia gari likiharibika litatengenezwa wapi, na nani, na kwa spea zipi.

Kabla ya magari, mzigo ulikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi katika maeneo makubwa, hivyo mkokoteni wa maksai haukuweza kutegemewa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kati ya Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914, lakini kutoka stesheni kwenda shambani mzigo ulirudi kichwani. Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha gharama ya hali hiyo: mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kubebea majeshi mizigo, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu.

Baada ya vita hiyo soko la magari lilitekwa na Wamarekani, ingawa watawala walikuwa Waingereza. Sababu mojawapo ilikuwa kodi. Kuanzia mwaka 1921 Uingereza ilitoza gari pauni moja kwa kila nguvu farasi, iliyokadiriwa kwa upana wa silinda. Viwanda vyake vikaunda injini ndogo zilizofaa barabara za kwao na kuhema kwenye vilima vya Kenya. Ford Model T, iliyoundwa kati ya 1908 na 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, ilikuwa imeinuka kutoka ardhini, nyepesi, na rahisi kufunguliwa kwa spana chache. Chevrolet ilifuata njia hiyohiyo.

Kutokana na magari hayo ilizaliwa boksibodi. Mnunuzi aliagiza chesesi yenye injini na sehemu ya mbele tu, kisha mafundi wa hapa, wengi wao wenye asili ya India, wakajenga nyuma sanduku la mbao. Kwa njia hiyo alipata gari moja la kubebea magunia, familia na vifaa vya kambi, na bodi ilipopasuka seremala yeyote aliweza kubadilisha mbao. Kununua nje chombo kigumu na kukimalizia hapa kulingana na kazi kumeendelea hadi leo katika bodi za malori, mabasi na magari ya watalii.

Vita Kuu ya Pili ilileta hatua nyingine. Jeep ya jeshi la Marekani ilithibitisha kwamba gari dogo linalovuta kwa magurudumu yote manne linaweza kupita mahali ambapo lori linakwama. Vita ilipokwisha, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep kuukuu katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey huko Wales. Kutoka hapo likaja wazo la Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 kwa bei ya pauni 450. Chuma kiligawiwa kwa mgao Uingereza wakati huo, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Uhaba huo uligeuka faida pwani na kwenye mvua nyingi, kwani alumini hailiwi na kutu kama bati la chuma, ingawa chesesi yenyewe iliendelea kuliwa.

Land Rover ikawa gari la wakuu wa wilaya, polisi, mabwana mifugo, misheni na idara za wanyamapori. Sehemu zake zilifungwa kwa bolti na kufunguliwa bila mitambo mikubwa. Ilikuwa pia na udhaifu uliojulikana, hasa ekseli za nyuma zilizokatika zikizidiwa na mzigo, lakini udhaifu huo ulikuwa wa kutabirika. Fundi aliujua, na dereva mwenye uzoefu alisafiri na ekseli ya akiba.

Katika miaka hiyohiyo Tanganyika ilipata somo la kinyume. Mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, na kitovu chake Kongwa, ulitegemea matrekta yaliyotumika jeshini na mengine yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya Sherman. Mashine zilinunuliwa kabla ya karakana na spea kupangwa sawasawa. Nyingi zilisimama mapema, udongo mgumu ukala majembe, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Haukuanguka kwa sababu ya mashine peke yake, kwani mvua na udongo navyo vilikataa, lakini ulionyesha kwamba chombo cha bei nafuu kinakuwa ghali pale kisipokuwa na matengenezo.

Si kila kazi ilihitaji magurudumu manne ya kuvuta. Mfanyabiashara wa mbogamboga, mwenye duka na msafirishaji wa maziwa walihitaji gari la gharama ndogo linalovumilia vumbi na mashimo. Hapo ndipo Peugeot 404 ilipojijengea jina. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalitumia magari yanayofanana kwa karibu na yaliyouzwa madukani, na njia yake ilipita kwenye matope na mawe ambayo kila mkulima aliyajua. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. Kwa mnunuzi wa kawaida ushindi huo ulikuwa jaribio la wazi kuliko tangazo lolote. Miaka ya 1970 Datsun ilishinda pia, nayo magari ya Japani yakaanza kuaminiwa.

Pikapu za Peugeot, 404 na baadaye 504, zilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu lakini zilibeba zaidi ya tani moja. Zikawekewa mabenchi na turubai, zikawa magari ya abiria. Nchini Kenya, tamko la Rais Jomo Kenyatta la mwaka 1973 liliruhusu magari hayo, yaitwayo matatu, kubeba abiria bila leseni maalumu, na pikapu iliyokuwa ya viazi asubuhi ikapata kipato kingine jioni. Bei ya gari ilianza kuhesabiwa kwa safari ambazo lingefanya kwa siku.

Mwaka huohuo wa 1973 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda kutoka takriban dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Injini kubwa za petroli zikawa mzigo. Land Cruiser, ambayo mtangulizi wake alipanda hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji mwaka 1951, ilikuwa ikijulikana kwa injini ya petroli ya lita 3.9 iliyokunywa mafuta bila huruma. Matoleo ya dizeli yaliyotoka katika miaka ya 1970 yaliibadilishia hadhi. Wakati huo British Leyland, mmiliki wa Land Rover, ilikuwa katika migogoro ya fedha na migomo, na mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikalazimika kuichukua. Wajapani walipata nafasi, na waliijaza kwa magari yaliyofika kwa wakati pamoja na spea zake.

Tanzania ilibanwa zaidi. Ilipandishiwa bei ya mafuta tena mwaka 1979, ikiwa imetoka kupigana vita na Idi Amin, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Gari jipya lilikuwa jambo la kibali, kwa hiyo la zamani lilifufuliwa mara nyingi. Gereji zikawa shule: springi zilichongwa upya, spea za gari moja zikahamishiwa jingine, na Land Rover ya petroli iliyochoka ikafungwa injini ya dizeli ya Kijapani. Kenya ilifuata njia ya viwanda vya kuunganisha, vilivyofunguliwa Thika, Nairobi na Mombasa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na pikapu na malori ya Isuzu ni miongoni mwa yaliyonufaika kwa muda mrefu.

Mlango wa mitumba ulifunguka soko lilipolegezwa. Kuanzia mwaka 1984 Tanzania iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola. Thamani iliendelea kuporomoka hadi karibu shilingi 800 kwa dola mwaka 2000. Gari jipya lilipokuwa haligusiki, la Japani lililotumika lilifikika. Japani huendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, na ukaguzi wake wa lazima, unaofanyika gari likitimiza miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, huwafanya wenye magari kuyauza yakiwa bado na nguvu.

Katika magari yaliyoingia, Hilux, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, ilichukua kazi nyingi za Peugeot. Land Cruiser ya toleo la 70, iliyotoka mwaka 1984, ilichukua kazi za Land Rover kwenye mbuga, migodi, hospitali za wilaya na mashirika ya misaada. Injini yake ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, ilianza kutumika mwaka 1990 bila turbo wala kompyuta ya kupulizia mafuta, na urahisi huo ndio ulioipa maisha marefu. Watanzania waliiita Land Cruiser hiyo mkonga kwa bomba lake la hewa lililopanda pembeni mwa kioo, na jina la shangingi likaenda kwa ndugu zake wa kifahari wa maofisini. Land Rover haikutoweka: imebaki ikibeba viazi Molo na watalii Arusha, kwenye miji yenye mafundi wake.

Magari mapya ya dizeli yenye nozeli za shinikizo kubwa yalipofika, ubora wa mafuta ukawa sehemu ya bei. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli yaliharibu pampu na nozeli za gharama kubwa. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo yake mwaka 2018, zote kwa nia ya kukomesha uchakachuaji. Tangu 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki imetumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni.

Sheria za umri nazo zimepandisha gharama. Kenya haipokei gari lenye zaidi ya miaka minane, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari chakavu. Shilingi ya Kenya ilipovuka 160 kwa dola Januari 2024, hata mtumba ulikwenda mbali. Wengi wameteremka daraja. Probox, iliyotoka mwaka 2002 kama gari la biashara, hubeba mizigo na abiria vijijini Kenya. Kirikuu ya Tanzania ni pikapu ndogo ya Kijapani yenye injini ya cc 660 na mzigo halali wa kilo 350 kwa sheria za kwao, ingawa sokoni hupakiwa zaidi ya hapo. Kwenye vichochoro, pikipiki ya magurudumu matatu imechukua kazi ya pikapu.

Uchaguzi wa sasa kwa hiyo unafuata hesabu ileile iliyofanywa na wenye boksibodi. Mwenye mzigo mwepesi na barabara ya changarawe hana faida ya kulipia magurudumu manne ya kuvuta, kwa kuwa difu ya mbele ni uzito, mafuta na spea za ziada. Mwenye njia ya matope hupata zaidi kwa toleo la zamani lenye chesesi nzima kuliko jipya lenye bodi inayong'aa, kwani injini hubadilishika na chesesi iliyoliwa na kutu haibadilishiki kwa urahisi. Gari lenye jina sokoni hugharimu zaidi siku ya kununua, lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo hurudi siku ya kuuza, na likisimama njiani spea zake hupatikana katika mji wa jirani.