Pengo la Meno Mawili

Mgonjwa wa kwanza wa pepopunda niliyemuuguza alikuwa morani aliyechomwa na mwiba unyayoni. Ndugu zake walimleta kutoka upande wa Endulen, siku mbili njiani, na muda wote huo walimnywesha maziwa kwa bua jembamba, wakilipitisha kwenye pengo la meno mawili ya mbele ya chini. Kwingine kote meno yalikuwa yamebanana, hupitishi hata ukucha. Ilikuwa mwaka 1984 na mimi ndiyo kwanza naanza kazi. Ni mtoto wa Rhotia, Mwiraqw, na mapengo ya namna ile nilikuwa nimeyaona tangu utotoni, kwa Wamaasai mnadani Karatu na kwa Wadatoga wa Mang'ola. Siku zote nilidhani ni urembo tu.

Alikufa usiku wa tatu. Hakufa kwa njaa wala kwa kiu.

Wamaasai huliita pengo hilo embuata. Mtoto aling'olewa mara mbili: kwanza meno ya utoto, kisha, ya ukubwani yalipoota, yale yale mawili ya katikati. Mwingereza A. C. Hollis alilitaja katika kitabu chake juu ya Wamaasai, kilichotoka mwaka 1905, na hata wakati huo lilikuwa jambo la kale. Ukiuliza sababu, wazee wengi watakujibu: ni kwa ajili ya ugonjwa wa kufunga taya, ili mtu apate pa kupitishiwa maziwa na dawa. Wako watafiti wanaotilia shaka jibu hilo. Wanasema Waniloti wengi hung'oa meno hayo, hadi Wadinka na Wanuer wa kule Sudan Kusini, kwa hiyo huenda ilianza kama alama ya kabila na maelezo ya pepopunda yakafuata. Sioni kwa nini tuchague moja. Mtu anayelala na ng'ombe, anayekanyaga samadi na miiba tangu anapotambaa, anaishi juu ya kitanda cha ugonjwa huo. Kama alama ya babu zake imemwokoa jirani mmoja, hataiacha.

Mwaka 1884 Arthur Nicolaier, Mjerumani, aliwasababishia wanyama pepopunda kwa kuwachoma sindano za udongo. Mwaka 1889 Kitasato Shibasaburo wa Japani akafaulu kumwotesha bakteria wa ugonjwa huo peke yake. Anakaa ardhini na katika kinyesi cha mifugo, akisubiri kidonda. Sumu yake hupanda kwenye mishipa ya fahamu na kuondoa breki ya misuli, hivyo misuli hukaza na haiachii. Taya hutangulia, kisha koo.

Na hapo kwenye koo ndipo nilipojifunza. Kumeza tunakuona kitu kidogo, lakini ulimi husukuma, kaakaa laini hupanda kuziba njia ya pua, kidakatonge hufunika njia ya hewa, na yote hayo hufanyika kufumba na kufumbua. Koo lenye mkazo haliwezi mpango huo. Maziwa ya wale ndugu yalipita vizuri kwenye pengo, lakini sehemu yake ikaingia mapafuni. Siku hizi mgonjwa hupitishiwa mpira wa puani hadi tumboni, hulazwa kwenye chumba chenye giza na kimya, maana hata mlango ukigongwa mwili wote hukaza, na hupewa dawa ya kulegeza misuli.

Watu huniuliza kama pengo huharibu usemi. Sauti ya s huhitaji hewa ipite kwenye ncha za meno ya mbele, na nimewasikia wazee ambao Kiswahili chao kina mluzi mdogo kwenye "sisi" na "sasa". Lakini aliyekua na pengo ulimi wake hujitafutia njia. Lugha nayo ina sehemu yake. Mama yangu alipopoteza meno ya mbele uzeeni, "slee" yake, yaani ng'ombe kwa Kiiraqw, ilibaki safi vilevile, kwa sababu hewa ya sauti hiyo hutokea ubavuni mwa ulimi. Kutoka Karatu hadi Ziwa Eyasi utasikia Kikushi, Kiniloti, Kibantu na Kihadza chenye sauti za vidoko. Anayekuja kupima usemi wa watoto wetu kwa karatasi ya Kiswahili peke yake atawaandika wagonjwa watoto wazima kabisa.

Pengo halikuweza kumsaidia mtoto mchanga. Yeye hana meno ya kung'oa, na pepopunda humwingia kitovuni. Tulifundishwa kumtambua hivi: alinyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa. Kwa Wamaasai wengi kitovu kilipakwa kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Kenya na Tanzania: palipofundishwa kuacha kinyesi, vifo vya pepopunda vilikuwa chini ya 1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa, na pasipofundishwa vilikuwa takriban 82. Nilisoma namba hiyo mara mbili, kisha nikatoka nje.

Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga, maana yake chini ya mgonjwa 1 kwa vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Udongo bado una bakteria wake, kwa hiyo sindano haziachwi.

Miaka kumi baada ya yule morani nilikuwa kliniki ya chanjo Nainokanoka, deli la barafu chini ya mti.

"Takwenya, koko," nilimwamkia bibi mmoja.

"Iko."

Binti yake alitutafsiria. Bibi alipachika kidole kidogo kwenye pengo lake kunionyesha alivyomnywesha shemeji yake zamani. "Yaliingia," alisema. "Kushuka ndiko kulikoshindikana."

Mapajani alimpakata mjukuu mwenye meno yote, kwa kuwa baba yake alikataa ang'olewe. "Na huyu akifunga taya, mtampitishia wapi?"

Nikampa kadi ya mtoto na kumwonyesha sindano tatu zilizoandikwa. Akaigeuza huku na huku, akairudisha kwenye mfuko wake wa nailoni na kuufunga fundo. Kisha akamfungua mjukuu mdomo na kuyapapasa tena yale meno mawili ya chini.