Ufagio wa Mwanza na mababu wasio na faili

Hebu tuulizane. Mwanajeshi mstaafu akikuta jina lake limekosewa kwenye faili, au miaka ya utumishi imepunguzwa, afanye nini? Ataambiwa aandike barua na aambatanishe vielelezo. Sawa. Na asiye na karatasi hata moja je?

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari Waafrika waliopigania Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Kituo kikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walijitokeza wazee kama 350, wachache tu wakiwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Ofisa wa benki akabuni njia: kila mzee akapewa ufagio, akaamrishwa kupiga kwata kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa!

Sasa twende Kagerankanda, kule kwenye milima ya Kasulu na Kibondo. Wabelgiji walishuka kutoka Urundi wakaiteka Kigoma Julai 1916, na Tabora Septemba. Buha ilikuwa njiani. Risasi, chakula na mahema vilikwenda vichwani mwa watu. Lakini mpagazi hakufundishwa kwata. Ukimpa ufagio, atafagia tu. Na jina lake? Karani mgeni akisikia jina la Kiha linaloanza na "Nti", ni rahisi aandike "Ti", au asiandike kabisa.

Wadau, hapo ndipo penye kilio. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Tume hiyo hupokea maombi ya kusahihisha au kuongeza jina, ila inataka ushahidi. Tena inahusika na waliotumikia majeshi ya Dola ya Uingereza. Aliyewabebea Wabelgiji au Wajerumani hayumo.

Kwa hiyo mpagazi wa Buha hana faili la kusahihisha. Lake halikufunguliwa.

Wajukuu wasomi tupo, kalamu tunazo. Ukienda likizo, waulize wazee: babu aliitwa nani hasa, alichukuliwa kijiji gani, alibeba nini, alifika wapi? Andika, weka tarehe. Hailipi pensheni, lakini anayetaka kusahihisha lazima kwanza awe na kitu kilichoandikwa.