Wati Elfu Kumi na Mbili na Chupa ya Fanta

Kukhu hakuniagiza sukari wala leso. Alinipigia simu kutoka Matete akasema zile santuri za kuka zimenyamaza tangu amplifaya iungue, na yeye amechoka kuzipanguza vumbi tu. "Mjukuu wangu, nataka kusikia ile chupa."

Chupa yenyewe ni ya Fanta. Kama hukulelewa Magharibi, ngoja nikueleze. Kwenye omutibo, mtindo uliovuma kwetu miaka ya 1950 na 1960, mtu mmoja ana gitaa kavu, kidole gumba kinatembeza besi huku kidole kingine kikichezea nyuzi za juu. Mwenzake amekaa kando anagonga chupa ya soda. Basi. Hakuna ngoma. Gwiji wa mtindo huo alikuwa George Mukabi wa Kisa, kusini mwa kaunti yetu ya Kakamega, na aliuawa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Hizo santuri ndizo koo lake lililobaki.

Kuka alizinunua wakati Matete haina stima. Gramafoni yake ilikula mawe, yale ya redio, na nguvu yake ilikuwa kama wati moja tu. Majirani walijaa sebuleni, na kukhu anasema kila mtu alisikia. Mimi nilidhani ni chumvi za wazee, mpaka nilipopiga hesabu. Spika ya kawaida hutoa kama desibeli 88 kwa wati moja, ukiwa umeketi mita moja mbele yake. Hiyo ni kelele ya kutosha kukufanya upaze sauti ukitaka kuongea. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio linaishika kwa shida. Ukitaka ihisike kama imepanda maradufu, unahitaji wati karibu mara kumi.

Nikaenda Luthuli Avenue na hesabu zangu. Muuzaji wa kwanza akanionyesha wufa inayowaka taa za rangi, imeandikwa wati 12,000 PMPO. Nikaigeuza. Kibandiko cha nyuma kinasema inakula wati 60 kutoka ukutani. Sasa hizo elfu kumi na mbili zinatoka wapi, mbinguni? PMPO ni hesabu ya mlipuko wa kufikirika, kila kiwanda kinajipigia kivyake. Marekani waliuchoka mchezo huo mapema, na mwaka 1974 wakaweka kanuni ya jinsi ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani. Kwetu namba bado inauza.

Lakini siwezi kuwacheka wanunuzi. Kupenda kwetu sauti nzito kuna historia, nayo ni disco matanga. Jenereta, spika ndefu kama mlango, vijana wanacheza usiku kucha ili pesa za mazishi zipatikane. Serikali imepiga marufuku mara ngapi? Pale uwanjani besi lazima ivuke mto ifike kijiji cha pili, la sivyo hakuna anayekuja kuchanga. Stima ilipofika maboma, hasa baada ya mradi wa Last Mile kuanza mwaka 2015, tukabeba ladha ya uwanjani tukaiingiza kwenye sebule ya mabati. Kakangu ni mmoja wao. Alitaka ile ya taa.

Tatizo ni kwamba wufa ile haina tundu la santuri. Ina Bluetooth, ina USB, ina redio. Sindano ya sumaku, kama iliyo kwenye mashine ambayo baba alinunua mtumba miaka ya tisini, hutoa umeme kiduchu, milivolti chache tu. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa. Kanuni yake ilikubaliwa Marekani mwaka 1954. Amplifaya lazima irudishe mizani hiyo. Bila hivyo, Mukabi anaimba kama mbu ndani ya mkebe.

Mwishowe nikachukua amplifaya ya mtumba kutoka Uingereza, kuukuu, wati 30 kila upande, ina tundu la phono na swichi ya mono. Swichi hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Santuri za kuka ni za mono, na ukiibonyeza, mikwaruzo mingi inapungua.

Nilifika ushago Jumamosi jioni. Kakangu akaiangalia kama mtu aliyeletewa mkate nusu. Aliposema hizo ni nyimbo za wazee nikamkumbusha kwamba "Helule Helule" ya Daudi Kabaka iliimbwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968, ikaingia chati za huko. Hakujibu. Nikaweka santuri, nikabonyeza mono.

"Sauti ni ndogo," akasema.

"Si usogee," kukhu akamwambia. Yeye alikuwa ameshavuta kiti mpaka mbele ya spika, kidole chake kikigonga mkono wa kiti, pamoja na chupa.