Mzalia

Neno mzalia, ambalo katika Kiswahili cha kale cha pwani lilimhusu mtu aliyezaliwa papo hapo, hasa mtoto wa mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake, leo limebaki kwa sura ya mzaliwa, nalo huko Njiru, Nairobi, hutamkwa kwa fahari, kana kwamba ardhi yenyewe ya kandokando ya Barabara ya Kangundo ndiyo impayo mtu uraia. Sheria haisemi hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 14, humhesabu kuwa raia wa kuzaliwa yule ambaye siku alipozaliwa baba au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa Njiru au Maskati. Basi kuzaliwa huko ni nasaba, wala si mahali, ila kwa mtoto aliyeokotwa, aonekanaye hajatimiza miaka 8 na asiyejulikana wazazi, ambaye hudhaniwa raia (hukumu ya huruma, kwa rai yangu). Ndiyo sababu Wamakonde wa Kwale, wengi wao wazalia hasa lakini si wa nasaba ya raia, waliishi bila vitambulisho hadi rais alipoamuru, Oktoba 2016, waandikishwe.