Kompyuta ya zamani nyumbani: ni mfumo endeshi upi ulio nafuu?

Si ajabu kwa kompyuta ya nyumbani mjini Rumonge kuwa ilikwisha kutumika miaka kadhaa ofisini, Ulaya au Dubai, kabla ya kuteremshwa kwa barabara ya RN3 kutoka Bujumbura. Mashine kama hiyo huwa ingali na nguvu. Hata hivyo, ikiwa inatumia Windows 10, imebadilikiwa na mambo tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilihitimisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama. Kompyuta huendelea kuwaka kama jana, lakini tundu jipya likigunduliwa na wezi wa mtandaoni, halizibwi tena.

Mfumo endeshi ni programu inayoamka mtu abonyezapo kitufe, nayo huziongoza programu nyingine zote. Ndiyo sababu dosari yake huzigusa barua, picha za familia na hesabu za biashara ya mawese kwa pamoja.

Mwenye Windows 10 halali anaweza kuhamia Windows 11 bila malipo, iwapo mashine inakubali. Hapo ndipo wengi hukwama. Windows 11 hudai RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa vichakato vya Intel, orodha rasmi huanzia, isipokuwa vichache, kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Microsoft ilitangaza pia muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa mwenye akaunti ya kampuni hiyo anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake mtandaoni. Ni ahueni ya muda tu.

Njia iliyozoeleka ni kumwendea fundi akaweka Windows isiyo na leseni. Bei yake huonekana ndogo, ila programu ya kuvunjia kufuli mara nyingi hutaka kinga ya virusi izimwe kwanza, na mlango ukishafunguliwa hivyo, mwenye nyumba hajui ni nani aliyeingia.

Iko njia nyingine, isiyo na ada wala wizi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianzisha Linux, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Kutokana nayo imezaliwa mifumo mingi, ukiwamo Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Msemaji wa Kirundi hahitaji kufasiriwa jina hilo: ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu kitolewacho k'ubuntu hakilipiwi.

Kwa mashine dhaifu, Linux Mint ya aina ya Xfce yafaa zaidi. Huridhika na RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali, na toleo la 22 litapata masasisho hadi mwaka 2029. Huja na LibreOffice, iwezayo kufungua nyaraka za Word na Excel. Faili lake hukaribia gigabaiti 3, mzigo mzito kwa anayenunua mega kidogo kidogo. Lakini mmoja akishalipakua, nakala hiyohiyo yaweza kupita mkono kwa mkono kwa flashi hadi Kigwena, Nyanza-Lac, au kuvuka ziwa hadi Baraka, bila kuvunja sheria yoyote.

Kabla ya kubadili chochote, kompyuta huwashwa kwa flashi hiyo na mfumo ukajaribiwa bila kugusa diski. Huo ndio wakati wa kupima sauti, waifai na hasa printa, kwani baadhi ya printa hukataa kuelewana na Linux. Kibodi za Kifaransa nazo zichaguliwe mapema. Nenosiri lililoandikwa kwa mpangilio wa Kiingereza kwenye kibodi ya Kifaransa limewafungia wengi nje ya mashine zao. Tafsiri ya Kiswahili haijakamilika, basi wengi watakuta Kifaransa ni chepesi zaidi.

Anayetegemea programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows pekee asikimbilie kuhama. Atafute mashine iwezayo kubeba Windows 11, au aitenge ya zamani na mtandao.

Anayehama anakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje, kwa kuwa usakinishaji kamili hufuta kila kitu. Kompyuta ya mkononi ijazwe chaji kabla ya kuanza. Ya mezani haina betri, na umeme ukikatika katikati ya kazi, itabidi kuanza upya.