Mazao ya kilimo hai mpakani Rusizi: ununue au uache, na ununue wapi?

Na Mwandishi Wetu, Kamembe

Muuzaji akisema nyanya zake ni "bio", au kwa Kinyarwanda ni za "umwimerere", kinachofuata ni bei kupanda. Mchuuzi analipa nyongeza hiyo, anavuka daraja la Ruzizi, na akifika Bukavu mteja anampa bei ileile ya nyanya za kawaida. Tofauti inatoka kwenye mtaji wake. Siku nyingine mambo hugeuka: hoteli au shirika linataka mazao ya kilimo hai na liko tayari kulipa, lakini linadai cheti ambacho mchuuzi hana.

Makala hii inaeleza wakati gani inafaa kulipia jina hilo, bidhaa zipi, wapi pa kununua na karatasi zipi zinahitajika.

KILIMO HAI NI NINI

Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, kilichopitishwa mwaka 2007. Kinakataza mbolea za viwandani za naitrojeni, dawa za kemikali za kuua wadudu, ukungu na magugu, pamoja na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Mkulima hutumia mboji, samadi, mzunguko wa mazao na dawa za asili. Shamba lililokuwa likitumia kemikali hupitia kwanza kipindi cha mpito kabla ya mazao yake kuuzwa kwa jina hilo. Kwa soko la Ulaya kipindi hicho ni miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya mavuno kwa mazao ya kudumu kama kahawa.

Mambo matatu huchanganywa mara kwa mara:

- Mkulima aliyekosa pesa za mbolea msimu huu hajawa mkulima wa kilimo hai. Msimu ujao akipata pesa, atanunua mbolea.
- Kilimo hai hakimaanishi kwamba hakuna kinachopuliziwa. Pareto, ambayo Rwanda huilima wilaya za kaskazini kama Musanze, ni dawa ya asili inayoruhusiwa.
- Zao la kilimo hai linaweza kuwa na vijidudu vya samadi au vya maji machafu. Kuosha ni lazima kama kawaida.

ALAMA NA VYETI

Alama ya Afrika Mashariki inaitwa Kilimohai. Ilizinduliwa Dar es Salaam mwezi Mei 2007. Mkulima huipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukaguzi wa kampuni huru ya uthibitishaji. Ya pili ni uhakiki shirikishi, ambapo wakulima wa kundi moja hukaguana kwa kanuni zilizoandikwa na kumbukumbu zinazotunzwa. Vyama vya kitaifa ndivyo mahali pa kuulizia: ROAM kwa Rwanda, NOGAMU kwa Uganda, KOAN kwa Kenya na TOAM kwa Tanzania.

Uhakiki shirikishi una gharama ndogo na unatosha kwa soko la hapa, lakini Ulaya haiutambui. Huko kunatumika kanuni 2018/848, iliyoanza tarehe 1 Januari 2022, inayodai cheti cha kampuni iliyotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Kundi la wakulima lisizidi wanachama 2,000. Anayenunua kahawa ya kusafirisha nje asikubali cheti cha zamani kilichotolewa kwa kanuni zilizotangulia.

Ukipewa cheti, soma mambo matano: jina la mwenye cheti, zao lililotajwa, kampuni iliyokitoa, namba yake na tarehe ya mwisho. Cheti cha kahawa hakihalalishi maharage yaliyolimwa kando ya kahawa hiyo.

BIDHAA KWA BIDHAA

Mchele wa Bugarama. Ni kilimo cha umwagiliaji kinachotegemea mbolea za viwandani. Tangu mwaka 2007 mpango wa serikali wa kuongeza mavuno umesukuma matumizi ya mbolea kwenye mpunga, mahindi, ngano, viazi, maharage na mihogo. Ukiambiwa mchele huu ni wa kilimo hai, omba cheti kwanza. Kama hakipo, nunua kwa bei ya kawaida. Ubora wake wa kupikwa haupungui.

Nyanya na kabichi. Hapa ndipo penye shaka kubwa, na ndipo mlaji ana sababu halisi ya kuuliza. Nyanya za msimu wa mvua hushambuliwa na ukungu, na wakulima hupulizia dawa kama mankozebu mara nyingi. Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2020 kuiondoa dawa hiyo sokoni kwake. Usipopata nyanya zenye cheti, ulizia walau ni siku ngapi zimepita tangu kupuliziwa, kwa sababu kila dawa ina idadi ya siku za kungoja iliyoandikwa kwenye pakiti yake. Unga mweupe au wa buluu kwenye ganda ni dalili ya dawa, lakini kukosekana kwake si ushahidi wa usafi.

Ndizi, magimbi, maparachichi, sombe na lengalenga. Wakulima wadogo wa pande zote mbili za mto hutumia dawa kidogo kwa mazao haya. Kwa hiyo tofauti kati ya yaliyo na cheti na yasiyo nacho ni ndogo kwa mlaji, na nyongeza kubwa ya bei haina msingi. Ubichi na umbali wa safari ni muhimu zaidi.

Maharage na mahindi makavu. Uliza habari za ghala, si za shamba peke yake. Nafaka iliyolimwa bila kemikali kisha ikahifadhiwa kwa vidonge vya fosfini au unga wa kuua bungua haiuzwi tena kama ya kilimo hai. Njia inayokubalika ni kukausha vizuri na kutumia magunia yasiyopitisha hewa, kama yale ya PICS.

Kahawa na chai. Katika Rusizi na Nyamasheke hizi ndizo bidhaa ambazo cheti kina thamani ya pesa, kwa sababu mnunuzi wa nje ameweka bei yake kwa karatasi hiyo. Cheti kitaje kituo cha kuoshea kahawa au kiwanda husika. Usafirishaji nje husimamiwa na NAEB.

Asali. Mizinga iliyo karibu na misitu ya Nyungwe na Cyamudongo iko mahali pazuri, lakini nyuki huruka mbali na mashamba yako jirani. Bila cheti, iuze kwa jina la mahali ilikotoka.

Sambaza. Samaki wa kuvuliwa ziwani hawahesabiwi kuwa wa kilimo hai katika kanuni za Ulaya, kwani hawakufugwa. Sambaza za Kivu ziuzwe kwa ubichi na ukaushaji wake. Anayekudai nyongeza ya "bio" kwa sambaza, usimlipe.

PIGA HESABU KABLA YA KULIPA

Tuchukue mfano wa kilo 200 za nyanya. Bei hizi ni za kufundishia tu. Weka za soko la siku yako.

Nyanya za kawaida: faranga 500 kwa kilo, jumla 100,000. Usafiri 20,000. Zinauzwa 700 kwa kilo, jumla 140,000. Faida 20,000.

Nyanya za kilimo hai: faranga 650 kwa kilo, jumla 130,000. Usafiri 20,000. Zikiuzwa kwa bei ya kawaida, mapato ni 140,000. Hasara 10,000.

Ili kurudisha faida ya 20,000, mauzo yafike 170,000. Kwa bei ya 850, lazima kilo zote 200 zipate mnunuzi anayekubali bei hiyo. Kwa bei ya 900, zinahitajika kilo 150 kwa bei hiyo, na 50 zilizobaki zitoke kwa 700. Tena kila kilo inayooza njiani inakupotezea 650 badala ya 500.

Fundisho: usinunue ukitegemea kupata mteja baadaye. Pata kwanza oda ya hoteli, mkahawa, shule au shirika, kisha ununue kiasi cha oda hiyo.

WAPI PA KUNUNUA

1. Kwenye ushirika au shambani. Hapa ndipo mahali bora. Unaona ghala, chupa za dawa zilizotupwa, lundo la mboji na daftari la kumbukumbu. Ushirika pia unaweza kukupa nakala ya cheti.

2. Sokoni. Katika masoko ya Kamembe na Bugarama mazao ya wakulima wengi huchanganywa kabla hayajakufikia. Nunua hapo kwa ubichi na bei, usilipie jina.

3. Maduka ya kujihudumia. Angalia alama na namba kwenye kifurushi. Maneno "asili" na "fresh" peke yake hayathibitishi lolote.

4. Ng'ambo. Mboga na ndizi za Kabare na Walungu, zinazouzwa hata soko la Kadutu, nyingi hulimwa kwa mbolea kidogo, lakini karatasi ni adimu. Mananasi na matunda makavu ya kilimo hai yamekuwa yakitoka Uganda kwa miaka mingi. Kwa bidhaa za Burundi, kumbuka kwamba nchi hiyo ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024; ulizia hali ya njia kabla ya kuweka oda.

KARATASI TATU, KAZI TATU

Wengi hukwama kwa kudhani karatasi moja inatosha.

- Cheti cha kilimo hai ni cha mnunuzi. Hakipunguzi ushuru.
- Cheti cha asili ya bidhaa ni cha forodha. Rwanda na Kongo ni wanachama wa COMESA, na wachuuzi wadogo wana utaratibu rahisi kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa.
- Cheti cha afya ya mimea kinahusu wadudu na magonjwa. Rwanda hutolewa na RICA.

Zingatia pia kwamba forodha huangalia bei uliyolipa. Ankara ya bei ya juu huongeza kodi yoyote inayokatwa kwa asilimia ya thamani. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu yako.

Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025, jambo lililovuruga shughuli za ofisi za upande huo. Ulizia kwanza nani anapokea malipo, na udai risiti kila mara.

KWA WASAFIRISHAJI

Daihatsu iliyobeba mbolea asubuhi isibebe mboga za kilimo hai mchana bila kuoshwa. Vivyo hivyo kwa saruji na mafuta. Tenganisha mzigo wenye cheti na wa kawaida, weka alama kwenye magunia na uandike namba ya shehena kwenye hati ya njia. Mizigo ikichanganyika, yote inakuwa ya kawaida, na mwenye mali anaweza kukudai tofauti ya bei. Anayeingiza mazao Rwanda asitumie mifuko ya plastiki: marufuku ya mwaka 2008 ilipanuliwa kwa sheria ya 2019, na mifuko hukamatwa.

MASWALI SITA YA KUJIULIZA

1. Nina mteja aliyekubali bei ya juu?
2. Anataka cheti gani?
3. Cheti kinataja zao hili na bado hakijaisha muda?
4. Ghala na gari ni safi?
5. Kikiuzwa kwa bei ya kawaida, nitapoteza kiasi gani?
6. Je, zao hili kwa kawaida hupuliziwa dawa kweli?

Jibu la swali la 1 likiwa "hapana", nunua mazao ya kawaida, mabichi na safi, uyauze kwa jina lake halisi.