Karabai, Deni na Usingizi wa Mvuvi

Baba yangu alitega nyavu za sato na ningu jioni, akarudi nyumbani kulala, akazitazama asubuhi. Mimi nilipoingia ziwani mwaka 1986, nikiwa na miaka 18, kazi ilikuwa imehamia usiku. Sangara alikuwa amewamaliza furu wengi wa Ziwa Victoria, dagaa wakabaki na kuongezeka. Kutoka Mwigobero, Musoma mjini, kupita kwetu Majita hadi Kisorya upande wa Bunda, usiku wa giza karabai ziliwaka majini utadhani kuna mji.

Tulikuwa wanne mtumbwini. Taa zilielea juu ya maboya ya mbao. Dagaa wakifuata mwanga, tunawazungushia wavu. Alfajiri tunarudi kuanika mchangani. Saa nne asubuhi ndipo unajilaza, bati linachoma, watoto wanacheza dirishani. Mwili unajua fika kwamba ni mchana. Mvua ikigonga bati unaruka, maana dagaa wakilowa huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Hayo tuliyazoea. Kilichoninyima usingizi ni hesabu. Tajiri, mwenye mtumbwi, alikata kwanza mafuta ya taa, vipuri vya karabai na unga, ndipo kilichobaki kikagawanywa. Mafuta yakipanda bei, giza zima, yaani siku zote za uvuvi zisizo na mbalamwezi, liliisha nikiwa bado nadaiwa, wala sijui nadaiwa kiasi gani, kwa kuwa daftari lilikaa kwake.

Mbalamwezi ikija dagaa hawakusanyiki kwenye taa, hivyo hatutoki. Mtu angesema hizo ndizo siku za kulala. Kwangu ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Nililala chali hadi majogoo, moyo ukienda mbio, najumlisha na kutoa deni nisilolijua. Giza liliporudi, nilipanda mtumbwini nikiwa nimechoka kuliko nilivyoshuka.

Mwaka 1994 nilisinzia kasia likiwa mkononi. Mtumbwi ukagonga boya, karabai ikazama. Nikakatwa bei ya karabai.

Siku hizi taa ni za betri na sola. Mpwa wangu anavulia nazo hapo hapo Majita, na mbalamwezi ikiwaka namkuta amekaa nje usiku wa manane, macho makavu. Betri amekatwa, kiasi hajaambiwa. Ninyi wenye mitumbwi, wasomeeni vijana daftari kila asubuhi pale mwaloni, kabla hawajaenda kulala.